Ngozi na mzinga: kutengeneza kompyuta ya zamani bila kuichakachua

Kompyuta yenyewe ilikuja kwa bodaboda mbili. Ya mbele Mwalimu amekumbatia boksi kama mtu anayepeleka mbuzi mnadani, ya nyuma mjukuu wake kapakata kioo, kile cha zamani chenye mgongo, shingo imempinda. Mwalimu ni mstaafu, anakaa Nyegezi hapa Mwanza, alinifundisha hesabu darasa la sita kwaiyo hata nikiwa na wateja kumi yeye anapita mbele. Shikamoo Mwalimu. Marahaba ng'wanawane, hii kitu imeacha kuwaka miaka mingi, nataka iwake.

Sijashika hata bisibisi, kibanda kimeshajaa watu na kila mtu ana hukumu yake. Mjukuu anasema babu tutoe makorokoro yote ya ndani tuweke mazabodi mpya, nje ibaki hivo hivo, itakuwa kali. Fundi mwenzangu wa jirani anasema thubutu, hiyo ni antiki, ukibadilisha hata skrubu moja umeichakachua. Muuza vocha anauliza kama ndani kuna dhahabu. Kuna jamaa hata hatumjui, yuko pale anasubiri daladala ya Igoma, naye akatoa bei ya chuma chakavu.

Ubishi huu nimeusikia mara nyingi, kwenye redio za mbao, kwenye cherehani, na saivi kwenye kompyuta maana zile za miaka ya 80 na 90 zimeanza kutoka stoo na watu wanazitaka. Na kila mara naona watu hawabishani kitu kimoja, kila mtu anabishana cha kwake.

Tuanze na maneno basi. Kukarabati ni kukifanya kitu kifanye kazi tena, njia haikusumbui. Kurejesha ni kukirudisha kilivyokuwa siku kinatoka kiwandani. Kuhifadhi ni kukizuia kisiendelee kuoza, hata kama hakitawaka tena maisha yake yote. Kuboresha ni kukipa uwezo ambao hakijawahi kuwa nao. Chukua Land Rover ya mzee imelala uani chini ya mwembe. Ukiifunga injini ya Toyota ili kesho ikabebe mahindi, umekarabati na umeboresha kwa mpigo mmoja. Ukihangaika mpaka ukapata injini yake yenyewe na rangi ile ile, unarejesha. Ukiipandisha juu ya matofali, ukamwaga maji ya rejeta yasile chuma, ukaifunika turubai, unahifadhi. Gari ni moja na hakuna kazi hapo iliyo dhambi, shida inakuja pale mwenye gari anataka hii na fundi anafanya ile.

Alafu kuna hilo neno kuchakachua. Tumelizoea kwenye mafuta, mtu anachanganya mafuta ya taa na dizeli anakuuzia kwa jina la dizeli. Ukiangalia vizuri kosa lina miguu miwili, kwanza umefichwa, pili hata ukijua huwezi kuyatenganisha tena. Kilichofichwa na kisichorudi. Kompyuta iliyowekewa kitu kinachoonekana, na siku yoyote kinaweza kutolewa ikawa kama zamani, mimi siiti imechakachuliwa, hata kama hicho kitu kimetengenezwa jana. Na ile iliyotobolewa tundu kwenye kava ili ipite waya, alafu tundu likazibwa na gundi na rangi, hiyo imechakachuliwa hata kama ndani kila kitu ni orijino.

Mwalimu muda wote huu alikuwa kimya anakunywa kahawa. Huyu mzee ujana wake aliucheza kwenye ngoma za Bagika na Bagalu, vile vikundi viwili vya Kisukuma vinavyoshindana, anazijua nyimbo zao kuliko anavyojua majirani zake. Akaweka kikombe chini akamuuliza yule fundi mwenzangu, ngoma ikitoboka ngozi wewe unafanyaje? Unawamba nyingine. Je imeacha kuwa ngoma ile? Haijaacha. Haya, ukichonga mzinga mpya ukatupa wa zamani, utasema bado ni ngoma ya babu yako?

Kijiwe kikanyamaza, na mimi toka siku ile nimeacha kueleza kwa maneno yangu, naeleza kwa yake. Kila kompyuta ina ngozi na ina mzinga. Ngozi ni vile vilivyowekwa vikijulikana vitachoka. Mzinga ni vile ambavyo vikiondoka, kitu kimeondoka.

Sio kwamba mstari uko wazi kila mahali. Meli ya Liemba pale Kigoma imejengwa Papenburg Ujerumani mwaka 1913, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, ikaopolewa 1924, ikarudi kazini 1927 na jina jipya, na miaka ya 1970 injini zake za mvuke zikatolewa ikafungwa dizeli. Injini ni ngozi au mzinga? Kwa abiria wa Kasanga ni ngozi, yeye anataka kufika. Kwa mtu anayesoma habari za meli za mvuke ule ulikuwa mzinga na umeondoka. Hata MV Victoria yetu hapa, imeanza kazi 1961, ikalala miaka kadhaa, ikarudi 2020 na injini mpya na jina limeongezwa, na sijawahi kusikia mtu wa Bukoba anasema hiyo sio Viktoria. Kwaiyo swali la kwanza kwa mwenye kompyuta, kabla ya bisibisi, ni hili: wewe unapanda kwenda wapi na hii meli?

Mwalimu alijibu bila kufikiri. Humo ndani kuna nyimbo. Toka miaka ya 90 alikuwa anazunguka Kisesa, Magu mpaka Misungwi anaandika nyimbo za mashindano ya ngoma, anarudi anazichapa usiku kwenye WordPerfect. Madaftari mengi yameliwa na mchwa. Kopi iliyobaki iko kwenye hadi diski ya hii mashine.

Hapo ndo watu wengi tunapotea. Tunaangalia umri wa kompyuta badala ya kuuliza ni kipi humu ndani kiko kimoja tu duniani. Mashine ya Mwalimu ni 486, prosesa ya Intel DX2 ya megahezi 66, aina iliyotoka 1992, memori megabaiti 8 ambazo picha mbili tatu za simu yako zinazijaza, hadi diski ya megabaiti 420. Kava halina jina la maana. Mashine za namna hii ziliungwa kwa mamilioni, kwaiyo bodi yake haina upekee mkubwa, lakini ile diski haina pacha popote. Ingekuwa ni Apple-1 ya mwaka 1976 mambo yangegeuka, zile zilitengenezwa kama 200 hivi, zikauzwa dola 666.66 moja, na mwaka 2014 moja ilinadiwa Marekani ikaenda kwa dola 905,000. Hapo bodi yenyewe ndo mzinga, kila kapasita ya siku ile ina hesabu yake, mtu akija na pasi ya kuchomelea unamfukuza na ufagio.

Nimetaja hiyo bei kwa kusita maana najua kinachofuata, mtu ataenda stoo ya shangazi yake. Ndugu, Pentium ya shangazi haina milioni ndani. Na dhahabu, kwa kuwa sisi ni majirani wa Geita na habari hizi zinatuwasha, ni kweli ipo, wanapaka utando mwembamba sana kwenye miguu ya prosesa na kwenye meno ya kadi kwa sababu dhahabu haishiki kutu. Lakini kwenye prosesa moja ni sehemu ndogo ya gramu, na kuitoa unahitaji asidi kali ambazo zitakula mapafu yako kabla hujaona faida. Muuza vocha akasonya akarudi kwenye mwavuli wake.

Basi nikafungua. Ukifungua kompyuta iliyokaa karibu na ziwa unakutana na ziwa lenyewe, wale wadudu wadogo wanaokuja kama moshi wakati fulani wa mwaka walikuwa wamejaa kwenye feni mpaka wamekuwa kama unga, na juu ya pawa sapulai mjusi amekauka mzima na mkia wake. Pembeni ya tundu la kibodi kuna kipipa kidogo cha bluu, kimetapika. Hiyo ndo betri inayotunza saa na mipangilio umeme ukiwa haupo, aina ya nikeli na kadimiamu, volti 3.6, na kama kuna kitu kimoja kimeua kompyuta nyingi za kipindi hicho ni hichi. Ule ute umetambaa kwenye bodi, umegeuka kijani kama sarafu ya zamani, umekula njia mbili za shaba.

Fundi mwenzangu bado ananiambia usiiguse, ni orijino. Betri iliyotapika kuitetea kwa sababu ni orijino ni sawa na kukataa jino bovu lising'olewe maana umezaliwa nalo. Ilikatwa palepale. Na ukitaka kusafisha bodi usikimbilie sabuni, ule ute una ukali wa upande wa magadi, kwaiyo dawa yake ni kitu kichachu, siki au ndimu. Nilichovya mswaki wa zamani kwenye siki nyeupe nikasugua, ikatoa povu dogo, nikarudia mpaka povu likaisha. Alafu siki yenyewe lazima itoke nayo isije ikala, nikasuuza na maji ya betri, namaanisha yale maji safi ya kuongezea yanayouzwa sheli, sio asidi na sio ya bomba, mwisho spiriti, alafu bodi ikalala siku mbili mahali pa hewa. Betri nikaifunga peke yake kwenye chupa, kadimiamu ni sumu na ziwa letu limeshachoka.

Njia zilizoliwa nikaziruka kwa waya. Mjukuu akasema waya wa kijani mbona unaonekana sana, tumia wa rangi ya bodi. Nikakataa. Atakayefungua baada yangu ajue kwa jicho moja hapa palifanyika kitu, asije akapoteza siku nzima akidhani kiwanda kilifanya hivo. Kiraka cha suruali unaweza kukificha, kiraka cha kitu unachokihifadhi kinatakiwa kiseme mimi ni kiraka.

Betri mpya je? Hapa pana mtego ambao mafundi wengi tunaungua. Bodi za hivi zinaichaji betri, zimejengwa kwa betri inayochajika. Ukichomelea mahali pale kidude bapa cha CR2032, kile cha saa na rimoti, ambacho hakichajiki, bodi itakuwa inakilazimisha chaji kila ukiwasha, na siku moja kitapasuka, mpaka uweke dayodi ya kuzuia. Bahati nzuri bodi nyingi za 486 zina pini nne pembeni za kuunga betri ya nje, nikatumia hizo, betri ikakaa kwenye kikopo chake mbali na bodi kwa waya mfupi. Sikuchomelea chochote, mwenye kutaka kuitoa anavuta tu kwa vidole. Ukiniuliza mimi marekebisho mazuri ndo yanafanana hivyo.

Kuna kingine kinaendana na hicho, kichipu cheusi kirefu kinachotunza saa kwenye kompyuta nyingi za wakati ule, kimefungiwa betri ndani kwa ndani, kinaitwa Dallas DS1287 na ndugu zake. Kiliahidiwa miaka kama 10, imeshapita zamani. Betri ikifa watu wanakikwangua kwa mashine ya kusaga mpaka wafikie waya za ndani waunge betri ya nje. Inafanya kazi, sikatai, lakini umeshakata mzinga. Kama kimekaa kwenye soketi kichomoe kizima, weka mbadala, cha zamani kitie kwenye bahasha.

Sasa pawa sapulai. Kosa namba moja la kompyuta ya zamani ni "hebu washa tuone". Haijaguswa miaka 15 na mtu anachomeka ukutani kama pasi. Kwanza angalia kile kiswichi chekundu nyuma, mashine iliyotoka Marekani inaweza kuwa imewekwa 115 na ukuta wetu ni 230. Nimeusikia mlio wake mara moja na sitaki tena, kama chupa ya soda imeanguka, alafu moshi, alafu mwenye mali anakuangalia wewe. Pili ni hizi kapasita.

Kapasita ielewe kama simtanki. Maji ya bomba yanakuja kwa mafungu, yanakata yanarudi, lakini kwa sababu simtanki iko juu ya paa wewe jikoni unafungua koki yanatoka sawasawa. Umeme nao ukitoka kwenye transfoma unakuja kwa mawimbi, kapasita inajaa na kutoa, chipu zinapata umeme uliotulia. Zile za umbo la kopo zina kimiminika ndani, na kimiminika kinakauka au kinavuja. Simtanki ikipasuka maji yanarudi kuja kwa mafungu, na kompyuta inaanza vituko, inawaka inazima, inasahau, skrini inacheza. Kuna nyingine za karatasi zimefunikwa plastiki ya kung'aa, zinakaa pale umeme unapoingilia, plastiki inapata nyufa, karatasi inanyonya unyevu. BBC Micro za Uingereza na Apple II zinajulikana kwa hilo, unawasha dakika kumi zinafuka moshi mweupe unaonuka mpaka kwa jirani. Hizo unabadilisha hata kama zinaonekana nzima, ni ngozi hiyo, wala usiombe ruhusa.

Lakini kutoka hapo watu wamejenga imani kwamba kompyuta ya zamani badilisha kapasita zote tu. Mimi niliiamini. Nililetewa bodi ya miaka ya 80 inafanya kazi vizuri kabisa, tatizo ni kibodi tu, nikajifanya mjuaji nikasema ngoja nikuwekee mpya zote upate amani. Pasi yangu ilikuwa ya bei rahisi, haina kipimo cha joto. Ya kwanza mpaka ya kumi na tisa zikatoka vizuri. Ya ishirini niliivuta kabla risasi haijayeyuka sawasawa, ikatoka na kile kipete cha shaba kinachounganisha juu na chini ya bodi, kikaning'inia kwenye mguu wa kapasita kama hereni. Naiona mpaka leo. Ile kapasita niliipima baadae kwa mita, ilikuwa nzima. Nilichukua mashine inayowaka nikairudisha imekufa, na sababu ni usafi wa moyo.

Kwaiyo saivi napima kwanza, alafu naangalia aina. Zile ndogo zilizobandikwa juu ya bodi za mwishoni mwa 80 na mwanzo wa 90, kwenye Macintosh SE/30, Amiga 600 na 1200 na wenzao, hizo zinavuja kweli na ute wake unakula bodi, huzisubiri. Zile za mazabodi za miaka ya 2000 mwanzoni zilizovimba kichwani, kila fundi wa Mwanza ameziona, nazo usizisubiri. Nyingine ukikuta imekaa vizuri na kipimo kiko sawa, muache mzee wa watu. Na ukibadilisha, ujazo uwe ule ule, volti ziwe zile zile au zaidi, na tumia lehemu ya zamani ya mchanganyiko wa bati na risasi, inayeyuka kwenye nyuzi 183 hivi, sio hii mpya isiyo na risasi inayotaka nyuzi zaidi ya 200, bodi ya uzee haipendi joto.

Mtu wa "usiguse kitu" anahitaji kusikia habari za Commodore 64. Ilitoka 1982, ziliuzwa zaidi ya milioni 12, na chaja yake ya asili ndo muuaji wake, ikizeeka kile kinachotuliza volti 5 kinashindwa na kupitisha zaidi, chipu za memori zinakufa. Mwenye kung'ang'ania chaja orijino anaua kompyuta orijino. Unanunua au unaunda chaja mpya, ya zamani unaiweka kabatini uipige picha. Kuongeza kitu kipya nje ili cha zamani ndani kiishi ni kuhifadhi, japo kwa macho kinaonekana ni kubadilisha.

Na usidhani makumbusho ya wenzetu wanafanya kitu kimoja. Bletchley kule Uingereza kuna makumbusho ya taifa ya kompyuta, ndani yake kuna Harwell Dekatron, ya mwaka 1951, tani mbili na nusu, waliirudisha ikawaka tena Novemba 2012, na walijibana kutumia vipuri vyake vyenyewe kadiri walivyoweza. Jengo hilo hilo kuna Colossus, kompyuta ya kufumbua maandishi ya siri ya adui, lakini Colossus zenyewe za wakati wa vita zilivunjwavunjwa, hii imejengwa upya na kikundi cha Tony Sale, wakaimaliza 2007, na wanasema wazi kwamba imejengwa upya. Moja ni mzinga na ngozi zilizowambwa, nyingine ni mzinga mpya kabisa, na hakuna aliyedanganywa.

Rangi ya njano ya kava nitaipitia haraka. Ni plastiki iliyowekewa kemikali ya bromini isishike moto, na mwanga wa jua na joto vinaibadilisha. Watu wanaipaka ile dawa ya saluni ya kupaushia nywele, haidrojeni peroksaidi, wanaianika juani inarudi nyeupe, ila njano inaweza kurudi na ukikosea inatoka madoamadoa kama chui. Mjukuu alitaka kupiga rangi ya kopo. Ubavuni kuna namba imeandikwa kwa korekta, ya ofisi aliyoinunua Mwalimu wakati wanauza vifaa chakavu. Hiyo namba ndo cheti cha kuzaliwa, ukipuliza rangi umekichoma. Kuna stika nyingine pia usizibandue, zile ndogo juu ya chipu, unaweza kukuta chini yake kuna kidirisha cha kioo. Hiyo chipu programu yake inafutwa kwa mwanga wa urujuanimno, ule uliomo hata kwenye jua, kile kistika ndo pazia lake. Unaibandua kuisafisha ipendeze, unaiacha mezani kwenye jua la Mwanza, siku moja unakuta imesahau yote.

Turudi kwenye nyimbo. Diski sikuiwasha ndani ya kompyuta yake. Niliitoa nikaiunga kwenye laptopu kwa adapta, nikavuta kopi ya diski nzima sekta kwa sekta kwa programu inaitwa ddrescue, ambayo ikikutana na sehemu mbovu inaruka inaendelea, alafu inarudi mwisho kuibembeleza. Diski ya zamani inaweza kuwa imebakiza safari moja tu, hiyo safari usiitumie kuangalia Windows inafunguka. Ilichukua mchana mzima, sekta chache zilikataa. Mafaili ya WordPerfect, LibreOffice ya bure inayafungua. Mjukuu akafungua la kwanza, Mwalimu akavaa miwani, akasoma mstari mmoja kwa Kisukuma, akaanza kuimba palepale kwenye benchi la wateja.

Ndani ya mashine nikaweka kadi ya CF, ile ya kamera za wapiga picha wa harusi wa zamani, maana hiyo inaongea lugha moja na hadi diski za kipindi kile, adapta yake ni kama waya tu. Bayosi, ile programu ndogo inayoiamsha bodi, kwenye bodi nyingi za wakati huo haioni zaidi ya megabaiti 504 kwaiyo usinunue kubwa ukadhani umepata. Diski ya zamani nikaifunga kwenye bahasha. Nikaandika karatasi nikaibandika ndani ya kava: tarehe, betri imetolewa, njia mbili zimerukwa kwa waya wa kijani, kapasita tatu za pawa sapulai ni mpya, diski ya asili iko kwenye bahasha, hakuna kilichotobolewa.

Ikawaka. Memori ikajihesabu, ule mlio mmoja mfupi ukalia, WordPerfect ikaja na bluu yake. Kijiwe kikapiga makofi. Mwalimu akaweka mikono kwenye kibodi, akachapa, akasimama. Akainamisha sikio kwenye boksi.

"Mbona haiungurumi?"

Nikamweleza kadi haina kitu kinachozunguka, ni kimya, ni haraka, ni salama. Akanisikiliza mpaka mwisho kama alivyokuwa anasikiliza wanafunzi waliokosa hesabu. Akasema miaka yote hiyo usiku alikuwa anajua wimbo umeingia kwa ule mkoromo, ukinyamaza ndo anageuza daftari.

Dakika kumi. Skrubu nne, waya mbili, kadi ikatoka ikaingia kwenye bahasha, diski ikarudi mahali pake. Ilipoanza kuzunguka ilipiga kelele kwanza kama pangaboi lenye mchanga, alafu ikatulia, ikawa inakoroma kidogokidogo kila akihifadhi. Nimemwambia itakufa, leo au mwakani. Akasema sawa, kadi si ipo? Nikachukua kalamu nikakata ule mstari wa diski kwenye karatasi, nikaandika mwingine chini yake.